UZI: Panya, nzi na mbu waliobadilishwa jeni maabara. Wanatengenezwaje, wanajibu swali gani, na sisi watu wa Tanga yanatuhusu nini

BintiChumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, kuanzia Ngamiani mpaka Mwambani.

Watu wa Tanga tusiingie kwenye mjadala huu kama wageni. Kati ya 1994 na 1997, kituo cha utafiti wa mbung'o cha hapa hapa mjini kililea mbung'o kwa wingi, madume wakapigwa mionzi wakawa tasa, wakapakiwa kwenye ndege ndogo na kuachiliwa juu ya Unguja. Walikuwa zaidi ya madume milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akikutana na dume tasa ndiyo basi tena, hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Unguja Septemba 1996, na kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Kazi ile ilipita kwenye mikono ya watu wa mji huu: waliowalisha damu ya ng'ombe kupitia utando, waliohesabu mabuu, waliosafisha vizimba.

Wale mbung'o hawakubadilishwa jeni. Mionzi huharibu vinasaba vya mbegu za dume bila kuchagua. Ninaowazungumzia hapa ni viumbe ambao mtafiti ameingia ndani ya vinasaba vyao akagusa jeni anayoijua kwa jina: ameizima, ameirekebisha, au ameingiza nyingine iliyotoka kwa kiumbe tofauti. Panya, nzi wa matunda, minyoo midogo ya udongoni, hamira, na sasa mbu. Sauti zinazozunguka WhatsApp zinawachanganya wote hawa na mahindi ya GMO, na kuku wa kisasa, na kila kitu ambacho msemaji hakipendi. Kazi yangu ni kulea wadudu wa maabara, jambo hili liko mikononi mwangu kila siku, nimeona niliandike kwa urefu. Mwenye haraka asome kipande cha seli mundu tu.

Ninachosimamia ni hiki: mnyama aliyebadilishwa jeni ni swali. Ametengenezwa kujibu swali moja ambalo haiwezekani kumuuliza binadamu. Usipolijua swali lake, huwezi kujua kama inafaa uogope, ushangilie au upinge.

Tuanze na namna wanavyotengenezwa.

Binadamu huwezi kumzima jeni ili uone atakosa nini. Panya inawezekana. Jeni zetu nyingi sana zina wenzake kwa panya, mimba yake ni wiki tatu, na akifikisha miezi miwili hivi anaweza kuzaa. Nzi wa matunda ndiye mwepesi zaidi, kizazi kizima ni siku 10 ndani ya chupa. Halafu kuna mnyoo aitwaye C. elegans, una urefu wa milimita 1 hivi, mwili wake unapitisha mwanga, na seli zake za neva zote 302 zimehesabiwa na kuchorwa zinavyoungana. Sydney Brenner ndiye aliyeuingiza mnyoo huu kwenye utafiti wa jeni, akapata Nobel 2002 pamoja na wenzake wawili.

Mnyoo huo huo ndio uliotufungulia mlango mwingine. Wavuvi wetu wanamjua konyeza. Yuko konyeza mmoja wa bahari ya Pasifiki mwenye protini inayong'aa kijani, na mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake waliichukua jeni ya protini hiyo wakaiweka kwenye mnyoo. Ukiumulika, neva zilizokusudiwa zinang'aa ndani ya mwili wake akiwa mzima. Mpaka leo ndivyo tunavyotambua. Jeni unayoipandikiza unaifunga pamoja na jeni ya kung'aa, na ukiwatazama viluwiluwi wa mbu kwa hadubini, yule mwenye macho yanayong'aa ndiye aliyeipokea.

Kwa panya historia ni ndefu. Mwaka 1974 Rudolf Jaenisch na Beatrice Mintz waliingiza DNA ya kirusi kwenye viinitete vya panya. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakaanza kudunga DNA moja kwa moja kwenye yai lililorutubishwa, kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele. Tatizo likabaki moja: DNA iliyodungwa iliangukia popote, hujui imejipachika wapi wala imevunja nini. Waliolimaliza ni Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies. Walitumia seli shina za kiinitete, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina yoyote, wakailenga jeni moja hasa na kuizima, na panya wa kwanza wa namna hiyo wakatangazwa 1989. Nobel yao ilikuja 2007. Kuzima jeni ni kama kumtoa mpigaji mmoja kwenye kikundi cha taarab: wimbo ukiendelea, utasikia pengo liko wapi, na hapo ndipo utajua yule alikuwa anapiga nini.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana nje ya maabara nalo ndilo lililoifanya kazi hii iwe na maana. Jeni nyingi ukizizima tangu mwanzo, kiinitete hufa tumboni na hujifunzi kitu. Basi wakaweka alama mbili, moja kila upande wa jeni. Kipo kimeng'enya kiitwacho Cre, kilichotoka kwenye kirusi kinachoshambulia bakteria, na kazi yake ni kukata kila kilicho katikati ya alama hizo. Ukipanga Cre itengenezwe kwenye ini peke yake, jeni inazimika kwenye ini peke yake, mwili mwingine uko salama. Unaweza hata kusubiri panya akue ndipo uizime kwa kumpa dawa. Hapo swali linakuwa kali: jeni hii inafanya nini, kwenye kiungo hiki, katika umri huu?

CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali unapopachagua, ilipokuja 2012, kazi ya Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, mambo yakaenda mbio. Mwaka uliofuata panya wakawa wanahaririwa jeni kadhaa kwa mkupuo mmoja, ndani ya yai lenyewe. Kilichokuwa kinachukua mwaka na zaidi kikawa cha wiki na miezi.

Nitaendelea na seli mundu. Nawaachia nafasi kwanza.

MzeeWaMakorora

Binti, nimekusoma vizuri. Nazikumbuka hizo ndege za mbung'o. Lakini nina jambo linanikera moyoni. Mwenyezi Mungu kaumba kila kiumbe kwa kipimo. Nyinyi mnachukua kitu cha konyeza mnaweka kwenye mnyoo. Mpaka wake uko wapi?

BintiChumbageni

Shikamoo mzee wangu. Hili lina wenyewe, masheikh na mapadri, na mimi siwezi kuvaa kilemba kisicho changu. Nitakujibu kwa upande ninaoujua.

Mpaka upo, na ninaouona mzito zaidi ni ule wa mateso. Panya aliyetengenezwa augue, anaugua kweli. Anapata maumivu. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliweka misingi mitatu ambayo kamati za maadili zinaitumia mpaka leo: kama ipo njia isiyohitaji mnyama, tumia hiyo, kama lazima awepo, tumia wachache kabisa wanaoweza kutoa jibu, na waliopo wapunguzie maumivu. Kwangu mimi, mtafiti asiyeweza kueleza kwa nini anahitaji panya 40 na si 20 hajawa tayari kupewa hata mmoja. Mnyama aliyeumizwa kwa swali lililoulizwa vibaya ameumizwa bure, na hiyo ni dhulma hata kama karatasi zote zimesainiwa.

MzeeWaMakorora

Marahaba. Hapo kwenye dhulma tumeelewana. Endelea na hiyo seli mundu, nina mjukuu.

BintiChumbageni

Mungu ampe afya mzee wangu.

Seli mundu inatokana na herufi moja tu ya DNA iliyobadilika kwenye jeni ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Herufi moja. Kwa sababu hiyo chembe nyekundu za damu, zikiishiwa oksijeni, hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Kosa lenyewe limejulikana tangu miaka ya 1950. Sasa kama kosa linajulikana, mbona tiba ilichelewa hivyo?

Sehemu ya jibu ni kwamba hakukuwa na mnyama wa kumuuliza. Panya haugui seli mundu. Watafiti walimwekea jeni ya binadamu yenye kasoro, na bado hakuugua sawasawa, kwa sababu hemoglobini yake mwenyewe ilibaki mwilini ikizuia zile chembe zisijikunje. Ilibidi wafanye kazi mbili kwa pamoja: kuzima jeni za hemoglobini za panya, kisha kumwekea za binadamu mgonjwa, ili hemoglobini yote iliyomo kwenye damu yake iwe ya binadamu. Mwaka 1997 timu mbili za Marekani zilifanikiwa, kila moja na panya wake. Panya hao wana upungufu wa damu, bandama zimevimba, na viungo vinaharibika kama vya wagonjwa wetu.

Tazama sasa swali lililofuata. Ilikuwa inafahamika kwamba mtoto mchanga mwenye seli mundu haugui miezi ya kwanza, kwa sababu bado anayo hemoglobini ya tumboni, yaani ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haizikunji chembe. Baadaye mwili unaizima. Nani anaizima? Uchunguzi wa vinasaba vya watu wengi, mwaka 2007 na 2008, ulielekeza kidole kwenye jeni iitwayo BCL11A. Lakini kidole si ushahidi. Ushahidi ulipatikana 2011, walipochukua panya wa seli mundu wakaizima BCL11A kwenye seli zinazotengeneza damu peke yake, kwa mbinu ile ile ya Cre niliyoieleza juu. Ukiizima mwili mzima panya anakufa baada ya kuzaliwa. Kwenye damu peke yake, hemoglobini ya tumboni ikarudi na ugonjwa ukarekebika.

Kutoka hapo njia ilionekana. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, na wiki chache baadaye Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba inayotumia CRISPR. Wanatoa seli shina za damu za mgonjwa, wanakata kile kipande kinachoiwasha BCL11A ndani ya chembe za damu, wanazirudisha. Mnaosema panya wa maabara ni upuuzi wa wazungu, nawaomba muitafakari njia hii kutoka 1997 mpaka 2023. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na seli mundu. Swali lile lilikuwa letu kuliko la mtu mwingine yeyote.

MwalimuWaChuda

Dada, hongera kwa somo. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu, na wanafunzi wameniuliza: wale panya wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, nao wamebadilishwa jeni? Pili, kama panya amefanana nasi hivyo, kwa nini dawa nyingi zinafaulu kwake na kufeli kwa watu?

BintiChumbageni

Mwalimu, wale ni panya buku wa kawaida kabisa, wanazaliwa na kufunzwa kwa malipo ya ndizi na karanga. Hakuna jeni iliyoguswa, pua yao inatosha.

La pili ni zuri, tena ndilo ningependa wanafunzi wako waondoke nalo. Panya anajibu kama panya. Upo ugonjwa wa kurithi unaowaua Wazungu wengi kwa kujaza ute mzito kwenye mapafu, sistiki faibrosisi. Mwaka 1992 walitengeneza panya mwenye jeni ile ile imezimwa. Matumbo yake yakaugua vibaya, mapafu yakabaki salama. Mapafu ndiyo yanayoua watu! Ilibidi wasubiri mpaka 2008, walipozaliwa nguruwe wenye kasoro hiyo hiyo, ndipo wakaona mapafu yakiugua kama ya binadamu. Na malaria? Kimelea cha falsiparum kinachotuua sisi hakimwingii panya wa kawaida. Utafiti mwingi wa malaria kwa panya unatumia kimelea kingine, berghei, kilichopatikana 1948 kwa panya wa porini wa Katanga, Kongo. Kimesaidia mno, kimetiwa mng'ao wa kijani na watafiti wanakifuatilia kikisafiri kutoka kwenye ngozi mpaka ini. Ila ni binamu wa ugonjwa wetu, na dawa iliyomponya panya na berghei bado haijathibitisha kitu kwa mtoto wa Handeni.

Kwa hiyo waambie wanafunzi: wakisoma "dawa imeponya panya", waulize panya yupi, alibadilishwa nini, na ugonjwa wake unafanana na wetu sehemu gani na unatofautiana wapi.

DaktariMifugo_Pongwe

Niongeze kidogo kwenye mbung'o, maana binti ameniamsha. Watu huuliza kwa nini siku hizi wasitengeneze mbung'o aliyebadilishwa jeni akamalizana na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, huko bara. Shida ni uzazi wake. Mbu anataga mayai, unaweza kuyadunga. Mbung'o hatagi yai nje. Yai linaanguliwa tumboni, buu linanyonya aina ya maziwa humo humo, na akilizaa limeshakomaa, linajichimbia udongoni siku hiyo hiyo. Buu moja kila siku 9 au 10. Hakuna yai la kudunga.

Wakazunguka kwa nyuma. Ndani ya mbung'o anaishi bakteria aitwaye Sodalis, ambaye mama humrithisha buu, na anaweza kufugwa maabara. Kwa hiyo anabadilishwa jeni yule bakteria, anarudishwa ndani ya mbung'o, na matarajio ni kwamba atatoa kitu kinachozuia vimelea vya nagana na malale. Bado ni kazi ya maabara. Mimi huwa naitafakari sana, kwa sababu mdudu mwenyewe anabaki na vinasaba vyake vyote.

BintiChumbageni

Ahsante sana daktari. Hiki ni kipande nilichotamani mtu wa mifugo akiseme mwenyewe.

FundiKange

Mnaongea vizuri ila mnakwepa. Panya wa Marekani yuko kizimbani Marekani. Mimi naulizia MBU. Hapo Bagamoyo wanatengeneza mbu, si kweli? Kesho watawaachia, keshokutwa wapo Pangani, wiki ijayo wapo chumbani kwangu. Nani aliniuliza? Sisi ndiyo tunageuzwa panya. Na chanjo zao nazo ni hivyo hivyo, GMO tupu.

BintiChumbageni

Kaka Fundi, sikwepi. Nilikuwa nakuja huko, na swali lako la "nani aliniuliza" ni halali kabisa.

Ni kweli, Bagamoyo mbu hao wapo. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo pale, na pamoja na Imperial College London wametengeneza mbu wa aina ya Anopheles gambiae waliobadilishwa jeni, ndani ya Tanzania, kwa mikono ya Watanzania. Wazo lilichapishwa 2022 kutokana na kazi ya London: mbu anapewa jeni za protini mbili ndogo, moja asili yake ni ngozi ya chura wa Afrika, nyingine ni sumu ya nyuki. Jike akinywa damu, utumbo wake unazitoa, vimelea vya malaria vinachelewa kukomaa. Kuchelewa huko ndiko kila kitu. Kimelea kinahitaji siku 10 hivi au zaidi ndani ya mbu kabla hakijaweza kumwambukiza mtu, na mbu wengi wa porini hawafiki mbali zaidi ya hapo. Ukikichelewesha, mbu anakufa kabla hajawa hatari.

Lakini London walitumia vimelea vilivyofugwa maabara miaka mingi. Mtu wa Tanga angeuliza: je, vimelea vya watoto wetu? Hilo ndilo swali mbu wa Bagamoyo walitengenezwa kulijibu. Walilishwa damu yenye vimelea vya wagonjwa wa hapa nchini, na matokeo yaliyochapishwa 2025 kwenye jarida la Nature yanaonyesha vimelea hivyo navyo vinazuiwa. Mimi nafurahi kwamba swali hili halikuulizwa Ulaya kwa niaba yetu.

Sasa hofu yako. Tofautisha mambo mawili. Kuna mbu aliyepandikizwa jeni ya kawaida: akizaliana na mbu wa porini, nusu tu ya watoto wanairithi, na kama jeni inamdhoofisha, inapotea yenyewe. Halafu kuna jeni inayojilazimisha kurithiwa. Hiyo inabeba mkasi wa CRISPR, inakata nakala ya mzazi wa pili na kujinakili hapo, basi karibu watoto wote wanaipata, na wajukuu vile vile. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial walionyesha kwamba ukiilenga jeni iitwayo doublesex kwa njia hii, mbu wote ndani ya vizimba wanatoweka kati ya kizazi cha 7 na cha 11. Huyo ndiye mbu wa kuogopa kumwachia kiholela, kwa sababu akishatoka hakuna wa kumrudisha. Wa Bagamoyo wametengenezwa kwa vipande vilivyotenganishwa: jeni ya kuzuia malaria ipo, mkasi wa kuisukuma haumo ndani ya mbu huyo huyo. Nao hawajaachiwa nje.

Na wewe una sauti, tena ya kisheria. Tanzania iliridhia Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni, tuna Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za usalama wa bayoteknolojia za 2009. Serikali ilishasimamisha majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, mwaka 2018. Burkina Faso waliachia mbu madume tasa waliobadilishwa jeni kwenye kijiji cha Bana mwaka 2019 baada ya miaka ya mazungumzo na wanakijiji, na bado serikali yao ikasimamisha mradi mzima Agosti 2025. Msimamo wangu ni kwamba kuwatengeneza na kuwachunguza vizimbani ni haki na ni lazima, na kuwaachia kusifanyike mpaka watu wa eneo husika wameelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, wamepewa muda, na wamekuwa na uwezo wa kusema hapana ikaheshimiwa. Kikao cha siku moja chenye soda na posho hakitoshi.

Kuhusu chanjo, hapo tuelezane sawasawa. Chanjo ya malaria RTS,S, iliyofanyiwa majaribio makubwa kuanzia 2009 na vituo viwili vya Tanzania vikiwa Korogwe kwetu na Bagamoyo, ni protini iliyotengenezwa na hamira iliyopandikizwa jeni. Hamira inafanya kazi kiwandani, protini inasafishwa, mtoto anachomwa protini. Hamira yenyewe haimo kama kiumbe hai. Insulini ya wagonjwa wa kisukari inatengenezwa kwa njia ya jinsi hiyo hiyo, na bakteria au hamira, tangu 1982. Ukimwambia mama asimpeleke mtoto chanjo kwa neno "GMO tupu", na mtoto akapata malaria kali, hilo ni jambo kubwa kaka.

FundiKange

Kwenye chanjo nimekupata, wanangu wamechomwa. Kwenye mbu bado nasimama pale pale: wabaki kizimbani.

BintiChumbageni

Simama kaka. Ukienda kwenye kikao chochote, uliza: mkasi umo au haumo? Mkizima umeme siku tatu, mbu wanatokaje? Nani anahesabu wanaoingia na wanaotoka? Chumba kinachofaa kina milango zaidi ya mmoja ambayo haifunguki kwa pamoja, nyavu kwenye kila tundu la hewa, hewa inayovutwa ndani, na mtu anayekagua nguo zako kabla hujatoka. Anayefanya kazi hii kwa haki atakujibu bila kukasirika.

MamaSalma_Pangani

Assalaam alaykum dada. Nimesoma uzi wote nikiwa na mwanangu pembeni, ana miaka 9, seli mundu. Mimi sijasoma sana. Hiyo tiba ya kukata jeni itafika lini hospitali ya Bombo? Na kwa sasa nifanye nini?

BintiChumbageni

Waalaykum salaam mama Salma, pole sana, na Mola amjaalie nafuu.

Sitakupa tarehe. Casgevy Marekani bei yake ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na ilipoidhinishwa 2023 ilikuwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Tena kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa anapewa dawa kali za kuua uboho wa zamani, anakaa hospitali wiki kadhaa bila kinga, na dawa hizo zinaweza kumzuia kuzaa baadaye. Inahitaji wodi ya pekee. Kwa hali ilivyo leo, mama wa Pangani hajafikiriwa ndani ya tiba hiyo, na mimi jambo hili linaniuma.

Kwa sasa, kama hajaanza, kaulize kliniki ya seli mundu kuhusu haidroksiyurea. Ni kidonge cha zamani, kinaongeza ile ile hemoglobini ya tumboni niliyoisema. Utafiti wa REACH uliochapishwa 2019, Kilifi ya hapo juu kwenye pwani yetu ikiwa moja ya vituo vyake, ulionyesha watoto wanaokitumia wanapata maumivu machache, malaria pungufu, wanaongezewa damu mara chache, na vifo vinapungua. Dozi apange daktari kwa kipimo cha damu, usimnunulie mwenyewe dukani. Asikae bila maji, alale ndani ya chandarua, na homa ikipanda usingoje asubuhi.

Upande wa utafiti, wale panya wa 1997 na wajukuu zao bado wanafanya kazi, na swali wanaloulizwa sasa ndilo lako. Mwaka 2023 timu moja iliwadunga panya hao sindano yenye kihariri cha jeni, kikaenda chenyewe kwenye seli shina za damu ndani ya mwili, bila kuutoa uboho na bila zile dawa kali za kuuua, na seli mundu ikapungua. Kinachotafutwa ni tiba ya sindano inayoweza kutolewa kwenye hospitali ya kawaida. Bado ni panya, na nimeshasema panya anajibu kama panya. Kinachotakiwa kijulikane kabla ya mtoto yeyote kudungwa ni kama sindano hiyo haigusi viungo vingine, hasa viungo vya uzazi, na kama seli zilizohaririwa zinadumu miaka.

MamaSalma_Pangani

Hicho kidonge hajawahi kupewa. Jumatatu tuna kliniki.

BintiChumbageni

Nenda na daftari lake la kliniki na vipimo vyote vya damu vya nyuma, mama. Wakikuuliza kwa nini unakiulizia, waambie unataka kujua kama anafaa kuanza na atapimwa kila baada ya muda gani. Wakikuambia hakipo, rudi uniandikie hapa hapa tutafute kinapopatikana.